Kamomili: kipimo cha kikombe, na nani asiinywe

Kamomili ni mmea ambao maua yake hutengenezwa chai ya dawa, na dawa imo kwenye kichwa cha ua. Majani na mabua hujaza mfuko tu. Kamomili halisi, Matricaria chamomilla, ina petali nyeupe zinazolalia chini ua likikomaa, na kitovu cha manjano kilichochongoka. Lipasue ua kwa ukucha kutoka juu hadi kwenye kikonyo. Ndani ya kitovu pakiwa na uwazi, ndiyo yenyewe. Pakiwa pamejaa, umeshika mmea mwingine, pengine Anthemis cotula, ambao ukiufikicha hutoa harufu mbaya na huwasha ngozi vibaya. Huo usiuchume kabisa.

Kwa kikombe kimoja, pima gramu 3 za maua makavu, mimina mililita 150 za maji yaliyotoka kuchemka, funika, subiri dakika 5 hadi 10, kisha chuja. Mtu mzima anaweza kunywa vikombe 3 au 4 kwa siku. Usiache kufunika: mafuta ya ua hupaa na mvuke, kwa hiyo matone yaliyoshika mfuniko yarudishe kikombeni. Wanaoyatokosa maua kwenye sufuria iliyo wazi hubaki na maji machungu, kisha wanalalamika kwamba dawa haifanyi kazi.

Chai hii hutumika kwa gesi na msokoto wa tumbo. Ikipoa, husukutuliwa kinywani penye michubuko. Kuhusu usingizi, tafiti hazijakubaliana, nami siipendekezi badala ya matibabu kwa mtu anayekesha wiki nzima.

Mwenye mzio wa maua ya krisanthemamu au chavua ya magugu ya jamii hiyo aiache, kwa sababu ni ukoo mmoja. Midomo ikivimba au kifua kikibana, ni hospitali mara moja. Kuoshea macho pia sikubali: chavua huingia jichoni na kulivimbisha.

Linalonitia hofu zaidi ni warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Mwaka 2006 madaktari wa Kanada waliripoti mwanamke wa miaka 70 aliyevuja damu ndani ya mwili baada ya kutumia chai na losheni ya kamomili huku akimeza dawa hiyo. Zingatia losheni: watu huhesabu wanachokunywa, wakasahau wanachojipaka. Anayemeza warfarini, au siklosporini, dawa ya kuzuia mwili usikikatae kiungo kilichopandikizwa, asiitumie bila daktari wake kujua. Mjamzito naye aulize kwanza, na mafuta yaliyokolezwa ayaepuke kabisa.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe, hata kijiko, hata akilia kwa tumbo. Maua yanayouzwa kwa kupimwa kwa kilo yamewahi kukutwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, na maji yanayochemka hayaziui. Tumbo la mtu mzima huzimudu. Utumbo wa mtoto mchanga huziacha zichipue na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ya kupumulia. Mtoto akishindwa kunyonya, sauti ya kilio ikafifia na shingo ikalegea, mpeleke hospitali na ueleze alichonyweshwa.