Mafuta ya samaki na mtoto asiyetulia darasani: ufafanuzi kwa wazazi na walezi wa Moshi

Tangu muhula huu uanze, ofisi yetu ya lishe imepokea wazazi wengi kuliko kawaida wakiuliza jambo lile lile: ni sirapu gani ya mafuta ya samaki inayomfaa mtoto asiyetulia darasani. Wapo walioelekezwa na muuzaji aliyepewa nafasi ya kuzungumza katika kikao cha wazazi, wapo waliosoma ujumbe katika makundi ya WhatsApp, na wapo ambao wamekwisha kununua dozi ya miezi mitatu ndipo wakaja kuuliza. Kwa kuwa malalamiko yanaongezeka, nimeona nilieleze suala hili kwa maandishi.

Asidi za mafuta za omega-3, hasa ile iitwayo DHA, ni sehemu ya utando wa seli za ubongo na za retina ya jicho, na mwili wa mtoto unazitegemea kutoka katika chakula. Hilo halina ubishi. Tafiti kadhaa zimeonyesha pia kwamba watoto wenye tatizo la umakini na utulivu, ambalo kliniki huliita ADHD, huwa na kiwango pungufu cha omega-3 katika damu wakilinganishwa na wenzao. Kosa linaanzia hapo, pale mtu anapohitimisha kwamba mtoto akinyweshwa mafuta hayo tatizo litakwisha. Jambo hilo limepimwa, na zaidi ya mara moja. Uchambuzi wa mwaka 2011 uliojumuisha tafiti 10 zenye watoto 699 ulikuta nafuu ndogo, iliyo chini sana ya ile inayopatikana kwa dawa za hospitali. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 37 zenye washiriki zaidi ya 2,000, yalikuta kwamba kwa tathmini ya wazazi wenyewe, dalili za kukosa umakini na za utukutu hazikutofautiana kati ya watoto waliopewa mafuta hayo na waliopewa kidonge kisicho na kitu. Huko Oxford, Uingereza, watafiti waliripoti mwaka 2012 kwamba DHA iliwasaidia watoto waliokuwa nyuma sana katika kusoma. Wakarudia kazi hiyo kwa watoto wengine 376, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 hayakuonyesha tena faida ile. Wauzaji wanaopita mashuleni huonyesha karatasi ya kwanza tu, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi, kwa sababu mzazi anayeisoma ana nia njema na hana namna ya kujua kwamba ipo ya pili.

Mama mmoja alinijia akiwa na chupa mbili ndani ya mfuko wa kitenge. Ya kwanza ilikuwa ya vidonge laini, na mbele iliandikwa kwa herufi kubwa miligramu 1,000. Tuliigeuza pamoja na kusoma maandishi madogo ya nyuma: EPA, ambayo nayo ni omega-3, miligramu 180, na DHA miligramu 120. Yaani omega-3 ni miligramu 300, na zinazobaki ni mafuta mengine tu. Ya pili ilikuwa ya mafuta ya ini la samaki, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu. Mafuta ya mwili wa samaki na mafuta ya ini la samaki si kitu kimoja. Ini huhifadhi vitamini A, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya ini yasiyopunguzwa nguvu kinaweza kuwa na yuniti 4,500, wakati kikomo cha mtoto wa miaka 4 hadi 8 ni takriban yuniti 3,000 kwa siku. Mama huyu alikuwa akimpa mwanawe vijiko viwili asubuhi na jioni, “ili afanye kazi haraka, daktari.” Vitamini A ikizidi kwa muda mrefu haitoki kwa mkojo kama wengi wanavyodhani, hujikusanya katika ini, na huweza kuleta maumivu ya kichwa, kutapika, ngozi kubabuka na madhara ya ini lenyewe. Kumbukeni pia kwamba watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka katika kampeni za Juni na Desemba. Matone hayo yamepimwa na ni salama, lakini hayakukusudiwa kuongezwa juu ya vijiko vinne vya mafuta ya ini kila siku.

Kwa anayetaka kumpatia mtoto omega-3, na ni jambo zuri, samaki wapo. Dagaa wa Mwanza wanaouzwa Mbuyuni, wakichambuliwa, wakaoshwa kwa maji ya moto kuondoa mchanga na kupikwa pamoja na mnafu, ni chakula bora kwa mtoto mara mbili kwa wiki, kwa sababu huliwa wazima na hivyo huleta pia madini ya chuma, zinki na kalsiamu. Perege wa Nyumba ya Mungu na vibua wanafaa vilevile. Narudia, kwa kuwa nimelisema katika kila kikao na bado naulizwa: parachichi si chanzo cha maana cha omega-3, wala mafuta ya alizeti si chanzo chake. Parachichi lina mafuta mazuri ya aina nyingine, na alizeti karibu yote ni omega-6 na omega-9. Vyakula hivyo vina nafasi yake mezani, lakini havichukui nafasi ya dagaa.

Inanipa shida pia kuona kila mtoto mtundu akiitwa mgonjwa. ADHD haitambuliwi kwa malalamiko ya mwalimu peke yake. Dalili zinatakiwa ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zimedumu angalau miezi sita, na zionekane katika mazingira zaidi ya moja, yaani nyumbani na shuleni pia. Mtoto anayezubaa anaweza kuwa haoni ubao, hasikii vizuri, ana upungufu wa damu, hulala vibaya kwa sababu ya nyama za puani, au ana aina ya kifafa kinachomfanya akodoe macho kwa sekunde chache bila kuanguka. Hakuna sirapu inayotibu hayo. Anzieni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, mkiwa na maelezo ya mwalimu kwa maandishi; kutoka hapo mtapewa rufaa ya hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya mkoa ya Mawenzi, na inapobidi hospitali ya kanda ya KCMC. Mkiruka ngazi bila barua ya rufaa mtapoteza siku nzima foleni na huenda mkarudishwa.

Kuhusu uuzaji, Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, inaitazama bidhaa inayotangazwa kuwa inatibu au kuzuia ugonjwa kama dawa, hata kama chupa imeandikwa kwamba ni chakula. Dawa husajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, huuzwa katika jengo lenye kibali, na tangazo lake huidhinishwa kabla ya kutolewa kwa umma. Kikao cha wazazi si jengo lenye kibali, wala basi la kwenda Rombo. Anayekiuka anaweza kutozwa faini, kufungwa au vyote viwili, na bidhaa zake hukamatwa na kuteketezwa kwa gharama zake mwenyewe. Bidhaa zinazouzwa kama chakula bila madai ya tiba ziko chini ya Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka 2019, majukumu ya chakula yalipohamishwa kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA.

Mwenye malalamiko asimwage mafuta wala kuyahamishia katika chupa nyingine. Aje na chupa yenyewe ikiwa na lebo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, pamoja na risiti kama ipo, na aandike mahali na siku aliponunua, kiasi alichompa mtoto na dalili alizoziona. Ampelekee mfamasia wa halmashauri, au ofisi ya TMDA Kanda ya Kaskazini iliyopo Arusha, ambako atajaza fomu. Mtoto ambaye tayari anatumia dawa za ADHD au za kifafa asiachishwe kwa sababu amenunuliwa mafuta ya samaki. Kama mmekwisha kuziacha, rudini kliniki wiki hii na mseme ni lini mlizisimamisha, na hakuna atakayewagombeza.