Mlima Wenye Mwenyewe: Ibada za Milima ya Tibeti na Kazi Yake Kijijini

Mlima mtakatifu wa Tibeti ukitajwa, wengi hufikiria Kailash na mahujaji wake, wanaouzunguka kwa miguu kilomita 52 hivi, baadhi wakijilaza kifudifudi hatua kwa hatua. Hiyo ni hija, na thawabu yake ni ya mtu mwenyewe. Vijiji vya Amdo, kaskazini-mashariki mwa nyanda za Tibeti, vina ibada nyingine isiyojulikana sana nje: ibada ya mlima wa pale pale kijijini, na hiyo ni shughuli ya ujirani.

Mlima una mwenyewe. Huitwa yullha au zhidak, na huchorwa kama shujaa mwenye silaha juu ya farasi. Haombwi pepo wala wokovu. Huombwa mvua ya wakati wake, mifugo yenye afya, safari njema na ushindi. Akichokozwa kwa kuchimba, kukata miti au kuwinda kwake, huaminika kuleta mvua ya mawe na maradhi. Mapokeo ya Kibudha yanasimulia kwamba Padmasambhava, mwalimu wa Kibudha wa karne ya 8, aliwashinda miungu hawa akawaapisha wailinde dini, kwa hiyo leo si ajabu kuwaona watawa wakisoma sala kwenye ibada yenye mizizi ya kale kuliko dini yao.

Kitovu cha ibada ni labtse, rundo la mawe lililojengwa kileleni au mabegani mwa mlima, likiwa na fremu ya mbao. Mara moja kwa mwaka wanaume hupanda alfajiri, kila mmoja na mshale wake: mti mrefu kumpita mtu, uliochongwa na kupakwa rangi. Huuchomeka kati ya mishale ya miaka iliyopita, kisha fungu zima hufungwa kwa kamba za sufu. Chini yake huwashwa matawi ya mreteni. Juu ya moto humwagwa unga wa shayiri iliyokaangwa, siagi, maziwa na pombe, mpaka moshi mweupe unapanda wima. Karatasi ndogo zenye picha ya farasi hurushwa hewani kwa mamia, huku watu wakilizunguka rundo na kupaza sauti: “Lha gyalo!” Miungu imeshinda.

Sasa tazama nani yupo na nani hayupo. Katika vijiji vingi kila nyumba hutakiwa kutoa mtu, na isiyotoa hutozwa faini. Kuchomeka mshale ni kutangaza kwamba nyumba yako ni ya hapa, una haki kwenye malisho na wajibu kwa wenzako. Labtse nyingi husimama mipakani mwa malisho, na jirani mwenye kesi ya mpaka huzitazama kwa makini sana. Huko Rebkong, sehemu ya Amdo, katika sherehe ya Lurol ya mwezi wa sita wa kalenda yao, mungu wa mlima husema kwa kinywa cha mtu anayepandwa naye, aitwaye lhawa, ambaye aweza kuwakaripia wanakijiji hadharani kwa ugomvi na uzembe wao. Nani atabishana na mlima?

Wanawake hawapandi kwenye labtse. Wageni wanaozisifu ibada hizi kama uhifadhi wa mazingira huliruka jambo hilo haraka, nami naona si haki kuliruka. Kuhusu mazingira wana hoja: mahali pasipowindwa wala kukatwa miti kwa vizazi, msitu huonekana tofauti. Ila mwanakijiji huuacha mti kwa sababu una mwenyewe, naye anamwogopa.

Januari 1991, wapandaji 17 wa Japani na China walifukiwa na theluji kwenye Kawagebo, mlima mwingine mtakatifu, mpakani mwa jimbo la Yunnan na Tibeti. Wenyeji walikuwa wamepinga safari hiyo tangu mwanzo. Mwaka 2001 kuupanda kukapigwa marufuku, na kilele chake, mita 6,740, hakijakanyagwa na mtu.