Hati za kuzaliwa kwa Tanzania: tafuta namba, si jina

Ukiandika "Hati ya Muungano" kwenye Google utapata makala za magazeti, video za mabishano, na ile picha ya Mwalimu akichanganya udongo. Hati yenyewe utaitafuta sana. Mimi kazi yangu ni nyaraka za sheria, na ushauri ninaowapa wanafunzi ni huu: acheni kutafuta jina la hati, tafuteni namba ya sheria iliyoibeba.

Makubaliano ya Muungano yalitiwa sahihi na Mwalimu Nyerere na Mzee Karume tarehe 22 Aprili 1964. Karatasi yenye sahihi iko serikalini. Aprili 2014, wajumbe wa Bunge Maalumu la Katiba walipokuwa wakivutana Dodoma kama ipo au haipo, serikali iliitoa ikawaonyesha waandishi wa habari. Lakini maneno yaliyomo hayajawahi kuwa siri. Bunge la Tanganyika lilipoyaridhia tarehe 25 Aprili, yalichapwa yote kama jedwali la Sheria Namba 22 ya 1964. Kwa hiyo tafuta "Namba 22 ya 1964" kwenye TanzLII, tovuti ya bure ya sheria za Tanzania, au pekua magazeti ya serikali ya mwaka ule kwenye gazettes.africa. Na usiishie kwenye vifungu vya mwanzo. Teremka mpaka jedwalini.

Hapo ndipo utamu ulipo. Orodha ya mambo ya Muungano ina vipengele 11 tu: katiba na serikali ya Jamhuri ya Muungano, mambo ya nje, ulinzi, polisi, uraia, uhamiaji, kodi ya mapato na ushuru, bandari na posta, na kadhalika. Fungua pembeni Katiba ya 1977, Nyongeza ya Kwanza, ambako sasa viko 22. Ukiziweka orodha mbili kwenye kioo kimoja unaona kwa macho yako kile ambacho watu hukigombania redioni bila kukisoma. Kisha soma kipengele kinachosema kwamba ndani ya mwaka mmoja iundwe tume ya kupendekeza katiba na liitishwe bunge la kuipitisha. Mwaka ukapita. Sheria ya 1965 ikaahirisha, na bunge hilo halikukaa mpaka 1977. Miaka kumi na mitatu, na yote unaifuatilia kwa namba za sheria peke yake.

Upande wa Zanzibar ni mgumu zaidi. Wapo wanasheria wanaohoji kama Baraza la Mapinduzi liliyaridhia Makubaliano hayo kwa utaratibu uliotakiwa, na hoja yao inasimama juu ya kile wanachosema hakionekani kwenye Gazeti la Serikali la Zanzibar la wakati ule. Mimi nasema hivi: kutokuonekana kwa waraka mtandaoni hakuthibitishi lolote. Kuna kurasa hazikuskaniwa, na nyingine zimeskaniwa vibaya kiasi kwamba kompyuta haisomi hata tarehe. Mwenye hoja hii aende akafunue majalada.

Ukirudi nyuma mpaka uhuru, nyaraka zimesambaa zaidi, kwa sababu Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini wa Umoja wa Mataifa chini ya Uingereza. Kwenye maktaba ya kidijitali ya Umoja wa Mataifa tafuta azimio namba 1609 la Aprili 1961. Utashangaa: siku ya uhuru humo ni 28 Desemba. Hawakukosea wachapaji, ndiyo tarehe iliyokubaliwa kwenye mkutano wa Machi pale ukumbi wa Karimjee, Dar es Salaam. Baadaye ikawahishwa, na azimio namba 1642 la Novemba likaweka 9 Desemba tunayoijua. Tarehe hiyohiyo ndiyo iliyo kwenye Sheria ya Uhuru wa Tanganyika ya 1961, inayosomeka bure kwenye tovuti ya sheria za Uingereza.

Ukiwa kwenye tovuti hiyohiyo, tafuta na ya Zanzibar ya 1963. Inaitwa Sheria ya Zanzibar, basi. Neno uhuru halimo kwenye jina. Zanzibar ilikuwa nchi ya Sultani chini ya ulinzi wa Waingereza, haikuwa koloni lao, na tofauti hiyo iliingia mpaka kwenye jina la sheria.

Jina Tanzania nalo lina tarehe mbili. Vitabu vyetu vinasema 29 Oktoba 1964, na sheria ya kulitangaza ni Namba 61 ya mwaka huo. Orodha ya wanachama ya Umoja wa Mataifa inasema 1 Novemba. Ukinukuu, taja umeitoa wapi, maana mwenzako anaweza kukukosoa akiwa na karatasi halali mkononi.

Barua na rasimu za nyuma ya pazia ni habari nyingine. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London, ina mafungu ya CO 691 kwa Tanganyika na CO 618 kwa Zanzibar, pamoja na FCO 141, yale majalada yaliyohamishwa kutoka makoloni na kufichwa kwa miongo kadhaa. Katalogi iko mtandaoni. Majalada mengi yenyewe hayako mtandaoni. Hata hivyo vichwa vya majalada peke yake vinafaa kupekuliwa jioni nzima. Andika namba kamili ya unalolitaka, pamoja na miaka yake, kabla hujaomba nakala: hutozwa kwa kurasa, na jalada moja linaweza kuwa nene kuliko msahafu.