Filamu huru Kigoma: yanayosemwa kijiweni na yanayokukuta kazini

Pale Mwanga, mtaa wa hapa Kigoma mjini, ukisema unatengeneza filamu huru, wa kwanza atakuuliza kama ni ya bure, wa pili atadhani mmekwepa serikali. Mimi ni mtu wa sauti, nashika maiki, na baada ya kushiriki drama moja iliyoshutiwa kati ya Ujiji na Kibirizi nimechoka kujibu mmoja mmoja.

"Huru maana yake hakuna kibali."
Kilicho huru ni mfuko. Hakuna kampuni kubwa iliyotoa hela, kwa hiyo hakuna bosi wa kuamuru hadithi iishie na harusi. Sheria haijabadilika kwa ajili yako: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kushuti, na skripti hupelekwa Bodi ya Filamu mapema. Ukimaliza, filamu yenyewe hukaguliwa na kupewa daraja la umri ndipo ionyeshwe hadharani. Na kibanda umiza, kile chumba cha mtaani cha kuonyeshea video kwa kiingilio, nacho ni hadharani, tusidanganyane.

"Kamera kali ndiyo filamu."
Hapa niacheni niseme. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo. Asichosikia hakivumilii, anaondoka. Tulikuwa na sini, yaani tukio moja la filamu, ya mama anayeletewa habari za msiba, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Teki ya nne, yaani tuliporudia kurekodi mara ya nne, alilia kweli, mpaka mshika taa akageuza uso. Kwenye hedifoni mimi nasikia injini ya boti inayotoka Kibirizi, pupupu, juu ya kila neno. Ilibidi mama yule akae siku nyingine chumbani, magodoro yameegemezwa ukutani, ajitazame kwenye kompyuta na kurudia maneno yake yaendane na mdomo wake kwenye picha. Alijitahidi. Kilio cha siku ile hakikurudi.

Kitu kingine kinachochekesha watu ni ukimya. Kila mahali tunaposhuti naomba nusu dakika asitikisike mtu, narekodi. "Mnarekodi nini na hakuna anayeongea?" Narekodi mahali penyewe: upepo wake, wadudu wake, mtaa wa mbali. Mhariri akikata maneno, anaziba pengo kwa hiyo sauti. Bila hiyo kila mkato unasikika kama mtu amefunga na kufungua dirisha.

"Kigoma ni nzuri tayari, ukifika ni kuwasha kamera."
Ratiba yetu iliandikwa Dar. Ilisema saa 12:15 asubuhi, jua linachomoza. Tulikaa gizani tukipigwa na baridi, tunatazamana. Saa za Tanzania ni zilezile, ila Kigoma iko mbali magharibi, na jua huku huchelewa kama dakika 40 kuliko Dar. Jioni unalipwa: linazama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, taratibu.

Skripti nayo ilikuwa na usiku wa mwezi mpevu, taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani. Mzee mmoja wa Kibirizi aliposimuliwa alicheka mpaka akashika magoti. "Wanangu, mwezi ukiwaka hivyo nani anaenda ziwani?" Dagaa huvutwa na taa, na mbalamwezi huzishinda nguvu, kwa hiyo siku hizo mitumbwi hupumzika. Sini ikahamishiwa usiku wa giza. Kuna na jambo la msimu: mwaka 2024 uvuvi ulisitishwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi ileile ya kiangazi ambayo kila mtu hupenda kushuti.

"Bila staa wa Dar haiuzi."
Enzi za DVD za Kariakoo, sura ya kwenye kava ilikuwa mtaji, sikatai. Lakini drama ndogo inasimama kwa kuaminika. Dada mmoja aliyekuja kujaribiwa alishika mgebuka kwa vidole viwili kama soksi chafu. Nafasi ikaenda kwa muuza samaki wa sokoni, ambaye hakuhitaji kufundishwa mikono iende wapi.

"Wimbo chini ya sekunde 30 haudaiwi."
Hakuna sheria ya namna hiyo. Omba kibali cha mtunzi na cha mwenye rekodi, au mlipe kijana akutungie.

"Ikiisha, tupia YouTube, hela inaingia."
Ili ugawiwe hela ya matangazo, njia ya kawaida inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, kisha malipo hayatoki mpaka yafike dola 100. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba matamasha mengi ya filamu hayapokei filamu iliyokwisha kuwekwa wazi mtandaoni. Ukibofya kwa pupa usiku mmoja, umejifungia milango ambayo hata hujaijaribu. Utaratibu ni matamasha kwanza, kisha maonyesho ya kulipia, runinga, mtandao wa bure mwishoni.

Yetu iko kwenye hard disk mbili, moja kwangu, moja kwa mwongozaji, tunasubiri majibu ya matamasha. Mzee wa Kibirizi kila nikimpa shikamoo anauliza itatoka lini. Namwambia bado kidogo, mzee wangu. Juzi akanijibu kwamba hata dagaa hawaanikwi muda wote huo.