"Ziwa lote hili, ya nini kufuga?" Dhana potofu kuhusu ufugaji wa samaki Mwanza, na ukweli wake

Januari 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua jijini Mwanza ugawaji wa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki, yaani nyavu zilizofungwa kwenye fremu ndani ya ziwa, kwa mikopo isiyo na riba. Tangu hapo habari za ufugaji zimehama kutoka ofisi za maafisa uvuvi hadi vijiweni. Hilo ni jambo jema. Shida ni kwamba mengi yanayosemwa vijiweni si kweli, na mkopo hata usipokuwa na riba lazima urudishwe. Kijana akiamini maneno ya mtaani, anayelipa ni yeye na kikundi chake.

"Ngosha, ziwa lote hili, halafu nikafuge samaki kwenye shimo?"

Ukisimama Capri Point hapa Mwanza ukatazama maji yalivyotanda, swali hili linaeleweka. Ziwa Victoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na karibu nusu yake iko Tanzania. Lakini ziwa haliongezeki, sisi ndio tunaongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania milioni 44.9, ile ya 2022 ikahesabu milioni 61.7. Katika muda huohuo kila mvuvi wa Kayenze au Ukerewe anajua kwamba safari za kutafuta samaki zimezidi kuwa ndefu na sangara wanaovuliwa wamezidi kuwa wadogo. Viwanda vya minofu vilivyolipa Mwanza jina miaka ya 1990 vimekuwa vikipunguza kazi kwa kukosa samaki wa kuchakata.

Tukumbuke pia kwamba ziwa tunalolitegemea si lile walilolijua babu zetu. Sangara alipandikizwa kati ya miaka ya 1950 na 1960. Hata sato tunayemwona ni wetu aliletwa miaka ya 1950. Wenyeji ni ngege na mbiru, ambao leo ni nadra kuwaona mwaloni boti zinaposhusha samaki, pamoja na mamia ya aina za furu, nyingi zikiwa zimetoweka. Ziwa lililokwisha kutikiswa namna hiyo haliwezi kubebeshwa peke yake mzigo wa kulisha watu wanaoongezeka kila mwaka.

Na wala si sisi tu. Mwaka 2022, kwa mara ya kwanza duniani, wanyama wa majini waliofugwa waliwazidi waliovuliwa: tani milioni 94.4, sawa na asilimia 51 ya wote.

"Chimba bwawa, weka vifaranga, subiri miezi sita, hesabu hela"

Hapa ndipo fedha nyingi zinapozama, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tuanze na vifaranga. Sato jike anaanza kuzaa akiwa bado mdogo, na huatamia mayai mdomoni, hivyo vifaranga wake wengi wanapona. Ukichota vifaranga ziwani au ukawanunua kwa mtu asiyejulikana, utapata madume na majike mchanganyiko. Baada ya miezi michache bwawa linajaa watoto na wajukuu, wote wanagombania chakula kilekile, na siku ya kuvua unapata samaki wa ukubwa wa kiganja cha mtoto, ambao hakuna mama lishe atakayewataka. Ndiyo sababu wafugaji wa biashara hutafuta vifaranga madume watupu. Dume hukua haraka, na bwawa la madume halizaliani.

Kisha chakula. Chukua mfano wa bwawa la mita za mraba 300 lenye vifaranga 1,000. Tuseme 850 wanafika siku ya kuvuliwa, kila mmoja akiwa na gramu 400. Hizo ni kilo 340. Sato anayelishwa vizuri huhitaji takriban kilo moja na nusu ya chakula, au zaidi kidogo, ili kuongeza kilo moja ya mwili. Ukipiga hesabu kwa kilo 1.6, unahitaji kilo 544, yaani mifuko 27 ya kilo 20, na bado kilo nne. Hesabu hii haifanywi na wengi kabla ya kushika jembe. Kwenye ufugaji wa sato, chakula peke yake hula nusu ya gharama za uendeshaji au zaidi. Kuchimba shimo ni sehemu rahisi.

"Si nitawapa pumba?" Pumba za mahindi au za mpunga zina nafasi yake bwawani, hasa ukirutubisha maji kwa mbolea hadi yawe na ukijani, kwa sababu sato hula pia vijidudu na mwani, ile mimea midogo inayoyapa maji ukijani, vinavyoota humo. Lakini pumba peke yake hazina protini ya kumkuza samaki kwa kasi ya biashara. Kwenye kizimba hali ni ngumu zaidi: maji yanapita, mbolea haishiki, na pumba inayozama inapitiliza kwenye wavu na kwenda chini. Huko samaki anategemea chakula chako tu, na ni vizuri kiwe kile kinachoelea, ili uone wanavyokula na ujue wakati wa kuacha.

Jirani zetu wameshatuonyesha njia hii inaishia wapi ikitembewa nusu. Kuanzia mwaka 2009 serikali ya Kenya ilichimba mabwawa kwa fedha za umma, 200 katika kila jimbo kwa majimbo 140. Uzalishaji wa samaki wa kufugwa ukapanda kutoka tani zisizofika 5,000 mwaka huo hadi karibu tani 24,000 mwaka 2014. Ruzuku ilipokwisha, wafugaji wakabaki na chakula ghali, vifaranga wasioaminika na soko la kubahatisha. Mwaka 2016 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu tani 15,000, na mabwawa mengi yakaachwa yaote nyasi. Mabwawa yalikuwepo. Kilichokosekana ni kila kitu kinachozunguka bwawa.

Misri walifanya tofauti. Wanafuga takriban tani milioni moja na nusu kwa mwaka, wa kwanza Afrika, na sehemu kubwa ni sato wa mabwawa ya delta ya Mto Nile. Wao walikuza vituo vya vifaranga na viwanda vya chakula cha samaki sambamba na mabwawa, na mfugaji mdogo akawa na mahali pa kununua.

"Samaki wakipanda juu alfajiri ni njaa"

Dhana ndogo hii, lakini imeua mabwawa mazima. Ukifika bwawani kabla jua halijachomoza ukakuta sato wamejaa juu ya maji, midomo wazi, wanatwetatweta na hawakimbii hata kivuli chako kikiwapitia, usiwarushie chakula. Wanakosa hewa. Mchana mwani hutengeneza oksijeni, usiku huitumia kama samaki wenyewe, hivyo alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote. Chakula kisicholiwa kinaoza na kumaliza hewa iliyobaki. Fungulia maji safi, yarushe yachanganyike na hewa, acha kulisha hadi watulie, na mbolea uisahau kwa siku kadhaa.

"Samaki wa kufugwa wamejaa homoni"

Hofu hii ina chanzo, na watu wanastahili kujibiwa kwa heshima. Njia inayotumika sana kupata madume watupu ni kuwalisha vifaranga chakula chenye homoni ya kiume kwa wiki tatu hadi nne za mwanzo, wakati hata gramu moja hawajafika. Baada ya hapo hawapewi tena. Mwili huiondoa ndani ya siku na wiki chache, na samaki huyo anafika sokoni miezi sita au minane baadaye, akiwa amekua mamia ya mara. Anayehitaji kulindwa kwa kweli ni mfanyakazi wa kituo cha vifaranga anayechanganya dawa hiyo: avae glovu na barakoa. Mwenye kituo asiyewapa watu wake vifaa hivyo ana makosa.

Kuhusu ladha, wanaolalamika kwamba sato wa bwawani ananukia tope wanasema kweli. Harufu hiyo hutokana na vijidudu na mwani wa maji yaliyotuama. Akiwekwa siku kadhaa kwenye maji safi bila kulishwa kabla ya kuuzwa, inatoka.

"Kizimba weka popote penye maji", na wenzao wasemao "vizimba vitaua ziwa"

Makundi haya mawili yanabishana, na yote yanaruka jambo moja, ambalo ni mahali.

Kizimba kilichowekwa kwenye ghuba ya maji mafupi yasiyotembea hukusanya kinyesi na mabaki ya chakula chini ya wavu. Vitu hivyo vikioza vinakula oksijeni, na maji yale yale yanawarudia samaki. Zaidi ya hapo, Ziwa Victoria lina tabia yake: maji ya chini, yasiyo na hewa, huweza kusukumwa juu na upepo ghafla. Mwishoni mwa 2022 upande wa Kenya wafugaji waliamka wakakuta vizimba vimejaa samaki waliokufa, na watafiti wa huko walitaja maji ya aina hiyo. Kwa hiyo unataka mahali ambapo chini ya wavu panabaki mita kadhaa za maji yanayotembea, mbali na mazalia, njia za vyombo na midomo ya mito inayoleta uchafu wa mjini. Magugu maji nayo yakisukumwa na upepo huweza kuzingira vizimba.

Ndiyo maana kuna vibali vya mazingira na vya matumizi ya maji. Najua wafugaji wanaviona ni usumbufu na gharama. Lakini mwenye kizimba cha jirani yako akikosea, hasara ni yako pia, maji hayana uzio. Ningependa kuona vibali vikitolewa haraka kwa vikundi vidogo, na hapohapo idadi ya vizimba katika kila ghuba ikiwekewa kikomo kinachofuatwa. Watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, wapo hapahapa Mwanza, waulizwe kabla ghuba haijajaa.

"Basi tufuge sangara, ndiye mwenye bei"

Sangara ni mla nyama, anahitaji samaki wengine ili akue, hastahimili kushikwashikwa wala maji yenye hewa kidogo. Acha kwanza. Kambale ni mvumilivu kuliko sato na anafaa bwawani, ila jua mapema kama wateja wa eneo lako wanamla.

"Ajira ni za wenye vizimba tu"

Kizimba chenyewe hakihitaji watu wengi: wa kulisha, wa kulinda, wa kukagua nyavu. Ukihesabu hao tu utasema sekta hii haina kazi. Kazi ziko kabla na baada ya samaki. Turudi kwenye ile mifuko 27. Ndani yake kuna soya, mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta), mahindi na pumba. Alizeti inalimwa Singida na Dodoma, pamba iko Usukumani kwetu, ingawa mashudu yake yana sumu ya asili na lazima yatumike kwa kipimo. Chakula kikiagizwa kutoka nje, kazi hizo zote zinabaki huko kilikotoka. Kikitengenezwa kwa dagaa wengi, tunamnyang'anya mlaji maskini kitoweo chake ili kumlisha sato wa mwenye nafasi. Kiwanda kinachonunua soya ya mkulima wa nchi hii kitaajiri watu wengi kuliko vizimba vyote kitakavyovilisha.

Baada ya samaki kuna barafu, usafiri na wachuuzi. Mama anayenunua samaki wa ziwani hajui usiku boti italeta nini, na mara nyingi analazimika kukopa kwa mwenye boti ili apewe kipaumbele. Kizimba kinavuliwa kwa tarehe inayojulikana, kwa kilo zinazokadirika. Kikundi cha akina mama wa Kirumba au Igombe kinaweza kukubaliana bei na wafugaji wiki mbili kabla, kikaagiza barafu ya kutosha, na samaki wakavuliwa kwa awamu kila kizimba na siku yake, badala ya wote kumwagwa sokoni asubuhi moja na bei kuanguka.