Tatizo la sheria yetu ya misitu si upole wa adhabu

Wiki hii tena, katika kikao hapa Iringa, mtu amesimama na kusema yale ninayoyasikia kuanzia Chunya hadi Ludewa: misitu inaisha kwa sababu sheria ni laini. Ongezeni faini, ongezeni vifungo, fungeni uvunaji miaka kadhaa misitu ipumzike. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kazi yangu ni kukaa na kamati za maliasili za vijiji na kuzisaidia kuandaa mipango ya usimamizi na uvunaji. Makofi ya namna hii yananiumiza, kwa sababu baadaye hugeuka kanuni.

Marufuku tumeshaijaribu. Januari 2006 serikali ilizuia mkaa nchi nzima. Zuio halikumaliza mwezi. Majiko ya Dar es Salaam hayakuzimwa, bei ilipanda, na magunia yakaendelea kusafiri kwa njia za pembeni. Sioni haja ya kulirefusha hilo.

Swali linalorukwa ni hili: msitu ukiendelea kuwepo, nani anafaidika? Tathmini ya kitaifa ya misitu, NAFORMA, ilikuta hekta milioni 48.1 za misitu Tanzania Bara, na karibu nusu yake iko kwenye ardhi za vijiji. Huko hakuna geti la TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, wala kibao cha hifadhi. Waongezeni askari wa misitu mara kumi, bado hawatatosha kulinda eneo hilo kama wenye ardhi hawana sababu ya kutaka libaki na miti.

Watunga sheria wa 2002 walilielewa hilo vizuri. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka huo, iliyokuja baada ya Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliwapa wanakijiji haki ambayo ni nchi chache za Afrika zimethubutu kuitoa. Mkutano mkuu wa kijiji ukiridhia, halmashauri ya kijiji inatenga msitu na kuutangaza kuwa hifadhi yake. Inatunga sheria ndogo, kamati inafanya doria, na mazao yakiuzwa fedha zinabaki kijijini bila kukatwa mrabaha wa serikali kuu. Wilaya ya Iringa ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuingia, kupitia mradi wa MEMA uliosaidiwa na Denmark. Mfyome na vijiji jirani vilianza kutoza wenyewe ushuru wa kuni na mkaa, na watafiti waliokwenda kuangalia walikuta mfumo unafanya kazi. Kwa hiyo mtu akiniambia sheria yetu ni dhaifu, namwuliza kama ameisoma.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa.

Chukua familia inayotaka ekari tano za mahindi au alizeti ndani ya miombo, misitu yetu ya asili ya nyanda kavu, kwenye ardhi ya kijiji. Kwa vitendo inamwona mwenyekiti wa kitongoji, inapata ridhaa ya halmashauri ya kijiji, inaingia na mashoka. Miti inachomwa, mingine inageuzwa mkaa, na msimu unaofuata pale ni shamba. Hakuna kamati ya wilaya inayokaa kuijadili.

Halafu chukua kijiji kinachotaka kuutunza msitu huohuo na kuuza mininga michache kila mwaka. Kwanza kiwe na mpango wa matumizi bora ya ardhi. Kisha mipaka ipimwe, rasilimali itathminiwe kwa sampuli, kiwango cha uvunaji kwa mwaka kikokotolewe, mpango wa usimamizi uandikwe, na sheria ndogo zipitishwe na baraza la madiwani. Hadi hapo sina ugomvi, maana bila tathmini hujui unavuna nini. Ugomvi wangu unaanza baada ya hapo. Mipango yote ikishapitishwa, uvunaji wenyewe unarudishwa tena mezani kwenye kamati ya uvunaji ya wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya. Kanuni za 2019, Tangazo la Serikali Na. 417, zimeukaza utaratibu huo hata kwa misitu ambayo sheria mama inasema ni ya kijiji. Kamati isipokaa robo hiyo, kijiji kinasubiri. Mnunuzi hasubiri. Kamati ikikaa, bado kuna kugonga nyundo, yaani kutia alama ya serikali kwenye magogo, bado kuna TP, kibali cha kusafirishia mazao ya misitu, na bado afisa anatakiwa atoke wilayani kwa mafuta na posho ambazo mara nyingi kijiji ndicho kinachozitafuta.

Weka njia hizo mbili sambamba na uniambie mwananchi mwenye akili timamu atachagua ipi. Kuufyeka msitu kunamchukua msimu mmoja, na kuutumia bila kuuharibu kunaweza kumchukua miaka. Kilimo ndicho kinachoongoza kumaliza misitu yetu, na mkaa mwingi unafuata nyuma yake. Faini kubwa zaidi haigusi hesabu hiyo hata kidogo. Inamwangukia mchoma mkaa wa baiskeli, na mara nyingine inamwangukia mwanakijiji aliyevuna msitu wake halali huku karatasi moja ikiwa imekwama wilayani.

Na hilo la "kupumzisha" msitu. Miombo si mgonjwa wa kulazwa. Miti yake mingi ikikatwa kwa kimo kizuri inachipua kutoka kwenye kisiki na mizizi. Kinachoiua ni jembe linalong'oa visiki, ni moto wa Septemba na Oktoba majani yakiwa makavu kabisa, ni mifugo inayorudi kila siku kula machipukizi. Kule Kilosa, vijiji vilivyoingia kwenye mkaa endelevu viligawa sehemu ya uvunaji katika vitalu vya meta 50 kwa 50, vinavyovunwa kwa kurukana na kurudiwa baada ya miaka 24, na fedha zake zikaingia kwenye huduma za vijiji. Huo ni uvunaji unaolinda, kwa sababu kijiji kikishaonja mapato hayo kinapata sababu ya kumkatalia anayekuja kuomba shamba.

Sisemi tuvune kila mahali. Misitu ya milimani ya Udzungwa, Livingstone na Rungwe, alikogunduliwa nyani kipunji mwaka 2003, ni vyanzo vya maji, na msumeno hauna cha kutafuta humo. Lakini hata huko sheria inadaiwa. Vijiji vinavyopakana na hifadhi hizo vinasaini mikataba ya usimamizi wa pamoja na serikali, vinafanya doria, vinazima moto, na sheria haikusema vipate mgawo gani. Uvunaji hauruhusiwi, watalii ni wachache, kwa hiyo kijiji kinabaki na kazi ya ulinzi isiyo na malipo. Kisha tunashangaa kamati zimekufa.

Upande wa miti ya kupandwa nitaenda haraka, ingawa wasomaji wangu wengi wa Njombe, Makete na Mufindi wako huko. Mtu amepanda msindano, yaani paini, kwenye ardhi yake, kwa miche aliyoinunua, anaulinda kwa barabara za kuzuia moto alizozilima mwenyewe, halafu kuusafirisha anahitaji TP kama vile ametoka nao msitu wa asili. Sababu ya zamani ni kuzuia mbao za asili zisifichwe chini ya mbao za kupandwa. Lakini paini na mninga vinatofautishwa kwa macho na mtu yeyote aliyekaa mwezi mmoja kwenye geti. TP ya miti ya kupandwa inaweza kutolewa kwenye kata, siku hiyohiyo.

Wapo wanaotaka sheria pia imzuie mkulima kuuza msindano wa miaka saba au minane kwa wenye dingdong, zile mashine ndogo za kupasulia mbao zinazohamishika, wakati mashamba ya miti ya serikali kama Sao Hill yanasubiri hadi miaka 18 na kuendelea. Kitaalamu wana hoja: mbao changa ni dhaifu, na mkulima anapoteza sehemu kubwa ya thamani ya shamba lake. Hata hivyo napinga. Ukimzuia baba mwenye ada ya mtoto Januari asiuze mti wake, umemwambia tu kwamba kupanda miti ni kosa, na mwakani atapanda viazi. Mpe mkopo unaokubali miti kama dhamana na uone kama hatasubiri mwenyewe.

Nina mashaka yangu pia, na sitayaficha. Ile miaka 24 ya miombo ni makadirio mazuri, lakini hakuna kitalu chochote kilichokwisha kukamilisha mzunguko huo tukaona, na mvua haziji tena kwa ratiba iliyotumika kukadiria. Kamati za vijiji nazo si za malaika. Nimeona kamati iliyoshikwa na ukoo mmoja na mapato yasiyosomwa kwenye mkutano mkuu, na wanaotaka kurudisha kila kitu wilayani hawakuibuni hofu hiyo. Tofauti yetu ni kwamba mimi ninadai mapato yasomwe hadharani kila robo, kwa sababu mwenyekiti wa kijiji wanakijiji wanaweza kumwondoa. Kamati ya wilaya hawawezi.

Shaka kubwa zaidi inahusu mageuzi yenyewe. Wenzangu wengi wanataka Sheria ya 2002 ifunguliwe bungeni na iandikwe upya. Naogopa. Ikifunguliwa katika hali ya hewa hii ya makofi ya "ongezeni adhabu", haki ambazo kijiji kilipewa zinaweza kutoka mlango uleule tuliotaka kuingizia nyingine. Afadhali tuanze na kanuni, ambazo waziri anaweza kuzibadilisha bila Bunge na kuzitangaza kwenye Gazeti la Serikali. Ziseme kwamba kijiji chenye mpango wa usimamizi na wa uvunaji uliopitishwa kinavuna kwa mpango huo bila kurudi kuomba kamati ya wilaya, na wilaya ibaki na kazi ya ukaguzi baada ya uvunaji. Ziweke asilimia ya mgawo kwa vijiji vinavyolinda misitu ya serikali, kutoka kwenye mapato yoyote yanayopatikana humo, ya maji yakiwemo. Na ziseme ardhi ya kijiji yenye msitu isigeuzwe shamba bila mkutano mkuu kukaa na kuamua, kama inavyotakiwa kuutenga msitu huohuo kuwa hifadhi.