¡Azúcar! Miwa, jembe na muziki wa Kuba

Ukisikiliza salsa jioni moja tu, lazima ukutane na sukari. Celia Cruz, mwimbaji wa Kuba, anaipasua katikati ya wimbo kwa Kihispania: ¡Azúcar! Bendi ya El Gran Combo ya Puerto Rico wanaomba sukari kidogo ya kutia kwenye kahawa. Mpiga piano Eddie Palmieri alikipa jina hilohilo kipande kilichomtangaza kuliko vingine. Ukirudi nyuma kwenye santuri za zamani unakuta mua, shira ya mua, wauza peremende na wakata miwa. Mimi nafundisha kupiga ngoma za Kikuba, na wanafunzi wangu hawaachi kuniuliza: hawa watu mbona hawachoki kuimba sukari?

Jibu langu kwa kifupi ni kwamba muziki wenyewe umetoka kwenye shamba la miwa. Leo nataka kulieleza kwa nafasi.

Nianze na Celia, kwa sababu wengi wetu sukari hii tuliisikia kwake kwanza. Yeye mwenyewe alisimulia mara nyingi ukelele ule ulikotoka. Alikuwa mgahawani Miami, mhudumu akamuuliza kama kahawa yake aitie sukari au aiache. Kahawa ya Kikuba ni nyeusi, nzito na chungu. Celia akashangaa, iweje Mkuba mwenzake amuulize swali kama hilo? Tia sukari! Akawa anaisimulia hadithi hiyo jukwaani kati ya wimbo na wimbo, watu wakiangua kicheko, mpaka siku moja akairuka hadithi yote na kutamka neno la mwisho peke yake. Ukumbi ukalipuka. Tangu hapo hakuliacha tena, na mwaka 2024, Marekani ilipotoa sarafu ya robo dola yenye sura yake, neno hilo lilichorwa juu yake.

Makala nyingi huishia hapo, kwenye kahawa. Mimi naona kahawa haitoshi. Watu waliosimama na kuitikia walikuwa watoto na wajukuu wa kisiwa ambacho kwa zaidi ya karne moja kilipanda miwa, kikakata miwa, kikapika sukari, kikala kwa sukari na kufa kwa sukari.

Mwaka 1791 watumwa wa Saint-Domingue, nchi tunayoiita Haiti leo, waliasi. Koloni hilo la Ufaransa ndilo lilikuwa likizalisha sukari nyingi kuliko mahali pengine popote duniani. Mashamba yalipoungua, bei ikapanda, na matajiri wa Kuba wakaona nafasi yao imefika. Karne yote ya 19 misitu ya Kuba ilifyekwa kupisha miwa, na meli zikaleta watu kutoka Afrika. Zaidi ya watu 700,000 walishushwa Kuba wakiwa watumwa, wengi wao baada ya 1790, na utumwa haukufutwa mpaka 1886. Walikuwemo Wakongo, Wayoruba, watu wa Calabar, na pia watu wa upande wetu wa bara. Kumbukumbu za Kuba zinawataja waliotoka pwani ya Msumbiji kwa jina la macuá. Hao ni Wamakua, ambao ndugu zao wako Masasi na Mtwara mpaka leo.

Mkoa ulioongoza kwa sukari katikati ya karne hiyo ulikuwa Matanzas, mashariki ya Havana. Sasa tazama wanamuziki waliotoka huko. Arsenio Rodríguez, kipofu aliyeijenga upya bendi ya son, muziki wa dansi wa Kuba, kwa kuongeza piano, tarumbeta na ngoma ya tumba, alizaliwa mkoa huo mwaka 1911. Sonora Matancera, bendi iliyomkuza Celia, ilianzishwa mjini Matanzas mwaka 1924. Los Muñequitos, kundi ninaloliheshimu kuliko yote la rumba ya Kuba, ile ya ngoma na sauti bila magitaa, lilianza hapohapo mwaka 1952. Ukiweka ramani ya viwanda vya sukari juu ya ramani ya midundo ya Kuba, zinakaribia kulingana. Walikokusanywa watu wengi wakalazimishwa kukaa pamoja ndiko ngoma zao zilikochanganyika na kuzaa nyingine.

Kuna chombo kimoja kinachonionyesha jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote. Kinaitwa guataca, nacho ni jembe. Sizungumzii kitu chenye umbo la jembe, nasema jembe lenyewe la kupalilia, lililotolewa mpini. Unalishika kwa mkono mmoja karibu na tundu la mpini, mkono wa pili unagonga bapa lake kwa msumari mkubwa au kipande cha nondo. Watumwa walinyang'anywa vingi, lakini majembe walipewa wenyewe na bwana shamba. Jioni, jembe lililopalilia miwa mchana kutwa liligeuka kengele.

Nimewahi kununua bapa jipya dukani nikajaribu kulipiga. Lilitoa mlio mfupi, butu, kwa sababu ya rangi na unene wa chuma. Bapa kuukuu lililoliwa na udongo, lile ambalo mkulima angelitupa, ndilo linalolia kwa sauti kali inayopenya katikati ya ngoma tatu na waimbaji kumi. Na kazi yake inahitaji ukali huo. Katika columbia, rumba ya mashambani ya Matanzas, kengele ndiyo inayoshika njia: inagongwa mara 7 ndani ya hesabu ya 12, inazunguka bila kubadilika hata ngoma kubwa ikicheza itakavyo. Mpangilio huohuo unausikia kwenye kengele za Waewe na Wayoruba wa Afrika Magharibi. Mwanafunzi akipotea huwa namwambia aache kusikiliza ngoma, alisikilize jembe.

Baada ya utumwa kufutwa, miwa haikuondoka. Mwaka wa Mkuba wa kijijini uligawanyika mara mbili. Kulikuwa na zafra, msimu wa kukata na kusaga, kuanzia mwisho wa mwaka mpaka miezi ya Aprili na Mei. Hapo palikuwa na mshahara, na penye mshahara bendi hufuata. Uliobaki waliuita wakati mfu: kiwanda kimezimwa, deni la dukani linapanda, kijana anachukua gitaa na kwenda mjini kutafuta riziki. Benny Moré, sauti ambayo Wakuba wengi huiweka juu ya zote, alikata miwa akiwa kijana huko Vertientes, na gitaa lake la kwanza la maana alilinunua kwa pesa ya kazi hiyo.

Ndiyo maana miwa kwenye nyimbo za zamani si kitu cha kusifiwa. Mshairi Nicolás Guillén aliyabana yote katika mistari michache tu: Mweusi kando ya shamba la miwa, Myanki, yaani Mmarekani, juu yake, ardhi chini yake, na damu inayotutoka. Arsenio, katika wimbo uliorekodiwa mwaka 1937, anamwimba mtumwa anayelia kwamba mundele, yaani mzungu, anaumaliza moyo wake. Msomaji wa Kongo hahitaji kuelezwa mundele ni nani. Neno hilo lilivuka bahari, likakaa kwenye mashamba ya Kuba miaka na miaka, likaishia kwenye santuri.

Lakini kiitikio ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha zamani ambacho bendi nyingi zimekiimba. Kwa Kiswahili ni hivi: mimi sikati miwa, acha upepo uiangushe, acha Lola aiangushe kwa mwendo wake. Kisikilize vizuri. Mstari wa kwanza ni mgomo. Mkata miwa anatupa panga chini na kukataa kazi hadharani, jambo ambalo babu yake angechapwa viboko kwa ajili yake. Mstari wa pili unamtania msimamizi: kama unataka miwa ianguke, kauombe upepo. Wa tatu unaingiza kiuno cha Lola, na mgomo wote unageuka dansi. Msimamizi akipita karibu atasikia wimbo wa mapenzi. Ndani ya pumzi tatu miwa imeacha kuwa kazi, imekuwa mwili wa mtu anayecheza.

Mgeuko huo ndio ninaousikia kwenye nyimbo nyingi za sukari zilizofuata. Celia akiwa na Sonora Matancera aliimba shira ya mua, wimbo wa Mercedes Pedroso, na mwaka 1993 akatoa albamu aliyoiita sukari nyeusi, yaani yeye mwenyewe, Mwafrika wa Kuba. Sukari nyeupe ya dukani imesafishwa mpaka haina rangi wala harufu ya shamba. Shira na sukari nyeusi bado zinanukia mua. Mwanamke mweusi kujisifu hivyo, katika nchi ambayo sukari ndiyo iliyowafanya wazee wake wauzwe, kwangu ni tendo la ushujaa, na mdundo wake unachezeka.

Siasa nayo iliimba sukari. Tarehe 6 Julai 1960 Rais Eisenhower alifuta mgao uliobaki wa sukari ambayo Marekani ilikuwa ikinunua kutoka Kuba mwaka huo. Tarehe 15 ya mwezi huohuo Celia Cruz aliondoka na Sonora Matancera kwenda kufanya kazi Mexico, na hakurudi tena kuishi kwao. Mama yake alipofariki mwaka 1962, serikali ya Kuba haikumruhusu kuingia kumzika. Nikimsikia akiita sukari mbele ya Wakuba wa Miami na New York, nasikia na hayo.

Nyuma alikoacha, serikali ilitangaza kwamba msimu wa 1970 ungetoa tani milioni 10. Wanafunzi, makarani na wasanii walipelekwa mashambani, hata sherehe za Krismasi zikasogezwa mpaka Julai ili kazi isisimame. Kauli ya kila siku ilikuwa kwamba milioni kumi zinakuja, na lazima zije. Kwa Kihispania kauli hiyo inamalizika kwa van, van. Tarehe 4 Desemba 1969, katikati ya shamrashamra hizo, Juan Formell alianzisha bendi akaiita Los Van Van. Sukari ilifika tani milioni 8.5 hivi, uchumi mwingine ukayumba kwa kutelekezwa. Bendi haikuyumba, ikaja kuwa bendi kubwa ya dansi kuliko zote kisiwani.

Kuba haikuwa peke yake. Bomba ya Puerto Rico, ambamo mpiga ngoma humfuata mchezaji na kuijibu kila hatua yake, ilikulia kwenye mashamba ya miwa ya Loíza, Ponce na Guayama. San Pedro de Macorís, katika Jamhuri ya Dominika, ilipokea wakata miwa kutoka visiwa vinavyozungumza Kiingereza, na Juan Luis Guerra akawatungia wimbo. Nchini Colombia, mji wa Cali uko kwenye bonde lililojaa miwa, na huo ndio mji unaojiita makao makuu ya salsa. Kila moja ya hizo inastahili makala yake.

Upande wetu, sukari hii ilifika bila maelezo. Kuanzia mwaka 1933 santuri za GV, zilizojaa nyimbo za Kuba za Sexteto Habanero na Trío Matamoros, ziliuzwa Afrika, na vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, wakajifunza rumba humo. Morogoro ikapata Cuban Marimba ya Salum Abdullah. Wazee wetu walishika mdundo, wakashika magitaa, lakini Kihispania hawakukijua, kwa hiyo mkata miwa na mgomo wake hawakuwafikia. Hata Celia alipoimba Kinshasa Septemba 1974 pamoja na Fania All Stars, bendi ya salsa ya New York, uwanja ulimpokea kwa mdundo. Nasi tunapomwita mpenzi sukari, tunaimba utamu mtupu. Silaumu. Nasema tu kwamba yapo maneno yetu wenyewe, kama yale ya Arsenio, yanayotusubiri ndani ya santuri hizo.

Na sukari yenyewe? Msimu wa 2021–22 Kuba ilipata tani 474,000 hivi, na nchi hiyo imefika mahali pa kuagiza sukari kutoka nje. Viwanda vingi vilifungwa kuanzia 2002. Rumba ya Matanzas inapigwa bado, na mwaka 2016 rumba ya Kuba iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO.

Anayetaka kusikiliza aanze na Los Muñequitos, columbia yoyote yao, na asikilize kengele tu mpaka aweze kuipiga mezani. Kisha amsikilize Arsenio, kisha Celia wa miaka ya 1950 kabla hajaondoka. Akishazoea, afungue kipande cha Palmieri cha mwaka 1965. Palmieri alizaliwa New York, wazazi wake walitoka Ponce. Kipande kinapita dakika 8, wakati redio za siku hizo zilitaka 3, na bado walikipiga. Mwaka 2009 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka albamu hiyo kwenye hazina yake ya rekodi za kuhifadhiwa. Maneno yake ni machache na hayataji shamba lolote. Sikiliza piano: mkono wa kushoto umeshika mzunguko mmoja bila kuuachia, wa kulia unatembea utakako, mpaka unaapa wapo wapigaji wawili. Halafu kirudie mwanzo, ufuate tromboni peke yake.